Dalali na Mbia

Barua mbili za kazi ziliniingia wiki moja, wakati bado nadaiwa nusu ya ada ya mwaka wa pili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni inayouza viwanja nje ya Dar es Salaam. Walitaka mtu wa kufunga mauzo. Wengine watamtafuta mteja, watampigia simu, watampakia kwenye basi dogo kwenda kuona kiwanja. Kazi yangu ingekuwa kukaa naye mezani mpaka atie saini. Mshahara kidogo, kamisheni asilimia 5. Ya pili ilitoka kwa kampuni inayokopesha wakulima mbolea na mbegu. Huko ningekuwa meneja wa ubia: kutafuta vyama vya msingi vya ushirika, kuingia navyo mikataba na kuilea mikataba hiyo msimu hadi msimu. Mshahara unaoeleweka, kamisheni hakuna.

Mama alisema, "Mwanangu, chukua inayolipa ada." Hakusema zaidi, na nilijua kwa nini. Miaka kadhaa nyuma alinunua kiwanja kwa mkopo wa kikoba. Kijana aliyemuuzia alikuwa amevaa tai, akamwita mama kila baada ya sentensi mbili. Hati haikutoka, na namba ya yule kijana ikawa haipatikani. Mama aliwalipa wenzake wa kikoba kwa kuuza vitumbua, na mpaka leo hatupiti barabara ile.

Kwa hiyo nilidhani jibu ninalo. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu mikopo ya wafanyabiashara wa Unguja karne ya 19. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima na watu wa aina hizi mbili: dalali anayefunga biashara, na mbia anayelea uhusiano. Nikarudi kwenye daftari zangu nikitaka wafu wanithibitishie kwamba dalali ndiye mbaya.

Mwanzoni walinithibitishia. Katika soko la watumwa la Mkunazini, binadamu alitembezwa mbele ya wanunuzi, bei yake ikinadiwa kwa sauti, akakaguliwa meno na viungo. Aliyenadi hakuhitaji kujua mtu yule ametekwa wapi wala anapelekwa wapi. Kazi yake ilianza na bei ya kwanza, ikaisha na bei ya mwisho. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na juu ya uwanja wake likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Nilipolitembelea niliandika pembeni mwa daftari: "Hapa ndipo mauzo yalipofungwa."

Kisha nikamfikia Richard Waters.

Waters aliwasili Unguja mwaka 1837, akitokea Salem, Massachusetts, akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko. Alikuwa mcha Mungu, na shajara yake inaonyesha kwamba utumwa ulimchukiza. Lakini alikuwa pia wakala wa wafanyabiashara wa mji wake, waliotaka pembe na sandarusi, na waliokuwa na shehena za kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Miaka minne kabla, mwaka 1833, nchi yake ilikuwa imetiliana mkataba na Seyyid Said. Mkataba ule ulitoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na uliwaruhusu Wamarekani kuuza na kununua kwa yeyote waliyepatana naye.

Waters hakuwa dalali. Alijenga ubia. Mbia wake alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekodi forodha ya Unguja kutoka kwa Sultani. Jairam alikuwa na ushuru, alikuwa na wachukuzi, na wakopaji wa pwani nzima walimjua. Biashara ya Waters ikapita kwa Jairam, na Jairam akamtazama Waters kwa jicho la upendeleo. Wageni wengine, wakiwemo Wamarekani wenzake kutoka New York, walilalamika kwamba mkataba unasema soko ni huru lakini mlango wa soko unao watu wawili. Waters aliondoka katikati ya miaka ya 1840 akiwa tajiri. Sijaona mahali alipomdanganya mtu bei. Ubia wao haukuhitaji uongo. Ulihitaji tu kwamba wengine wasiwe na pa kwenda.

Na Taria Topan je? Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya kuendea bara. Topan hakuwa na haja ya kuuona msafara. Hakuona vijiji vilivyochomwa wala mabega yaliyobeba pembe mpaka pwani. Alikuwa na daftari, uvumilivu na jina zuri. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la zahanati pale ufukweni Unguja, jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa ambalo watalii hulipiga picha hadi leo. Mbia ameacha jengo. Wanadi wa Mkunazini hawakuacha hata jina, na waliouzwa vivyo hivyo.

Nilifunga daftari nikiwa sina jibu tena.

Jumapili nilikwenda Magomeni kwa mjomba, ambaye amekuwa dalali wa vyumba tangu sijazaliwa. Mpangaji humlipa kodi ya mwezi mmoja, naye humwonyesha mlango. Nilimweleza yote, hata habari za Jairam. Alisikiliza huku akitafuna mihogo.

"Sasa mimi umeniweka upande gani?" akauliza.

Sikujibu.

"Mimi nafunga biashara kila wiki, mama. Lakini mpangaji akikuta paa linavuja, anajua nakaa wapi. Namba yangu ni ileile. Huyo aliyemuuzia dada yangu kiwanja hakuwa mbaya kwa sababu ni dalali. Alikuwa mbaya kwa sababu hakai hapa."

Nilirudi kwa kampuni zote mbili na maswali. Kwenye viwanja niliuliza: mteja akikosa hati, atampigia nani? Wakanijibu kwa upole kwamba baada ya saini mteja huhamia kitengo kingine, na wafungaji hawaruhusiwi kutoa namba zao binafsi. Kwenye pembejeo niliuliza: chama kikipata mbolea nafuu kwingine, kinaweza kununua? Kwa miaka 3, hapana. Na mkulima mmoja akishindwa kulipa, wenzake wanamlipia. Nikauliza kama kipengele hicho kinaweza kubadilishwa. "Ukishaanza kazi, unaweza kupendekeza," akasema bosi wangu mtarajiwa, akitabasamu.

Nikachukua ya pembejeo. Nisijifanye kwamba nilichagua wema. Nilichagua mshahara unaojulikana, kwa sababu ada ilikuwa deni la mama pia. Na nilichagua kazi ambayo ingenilazimu kurudi kwa watu niliotiliana nao saini, nikijua vizuri kwamba Waters naye aliwaona wabia wake kila siku.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa mkoani Songwe, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa chama cha msingi aliyekuwa na umri wa kumwita babu. Nilikuwa nimefundishwa kuanza na bei ya mbolea na kuacha masharti yabaki kwenye karatasi. Nilimsomea kipengele cha miaka 3 kwa sauti, kisha kile cha kulipiana madeni.

"Shikamoo yako ilikuwa nzuri kuliko karatasi yako," alisema, na wajumbe wakacheka.

Hakutia saini siku ile. Alisema wataliongelea kwenye mkutano mkuu, na kama ofisini kwetu wana masikio, wapunguze ile miaka. Jioni bosi alinipigia kuuliza kwa nini nimerudi mikono mitupu, nikamweleza, na pendekezo langu nikaliandika usiku huohuo. Kabla sijapanda bodaboda, mzee alikuwa ameniomba namba ya simu. Siyo ya ofisi, alisisitiza. Nikampa yangu, akaibipu palepale kuhakikisha inaita.