Kopo la pili: historia ya hadina na mafundi rangi wa Johannesburg

Leo tunakwenda Johannesburg, mji uliozaliwa na dhahabu mwaka 1886, lakini hatutashuka migodini. Tutasimama katika gereji ya uani, mashariki mwa mji, upande wa Jeppestown. Fundi amenyoosha mlango wa gari uliobonyea, ameupiga msasa na kuupaka praima, na sasa anachanganya rangi.

Mbele yake yako makopo matatu. La kwanza ni la rangi ya enameli. La pili, dogo kuliko yote, ni la hadina. La tatu ni la thina, ambayo harufu yake imekupokea tangu mlangoni. Fundi anapima rangi, anaongeza hadina kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, kisha anatia thina kidogo kidogo mpaka mchanganyiko udondoke kutoka kwenye kijiti kwa mtiririko anaoujua kwa jicho. Anachuja, anajaza bomba, anafunga kitambaa puani na kuanza kupuliza.

Kitambaa hicho ndicho kisa chetu cha leo.

Kutoka kooni hadi kwenye bati

Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, Marekani, alibuni kifaa cha kupulizia dawa katika koo za wagonjwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanawe Thomas aliichukua fikra hiyo na kutengeneza bomba la kupulizia rangi. Chombo kilichoanza kwa kutibu koo kikaingia viwandani.

Wakati huo magari yalipakwa vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri kukauka. Mwaka 1923 General Motors ilionyesha magari ya Oakland yaliyopakwa Duco, rangi ya kampuni ya DuPont iliyokauka haraka. Katika muongo huo huo, mkemia Roy Kienle wa General Electric alitengeneza utomvu wa alkidi, uliokuja kuwa msingi wa rangi nyingi za enameli.

Enameli ya alkidi hukauka kwa hatua mbili. Kwanza thina huruka hewani. Kisha rangi yenyewe hufyonza oksijeni na kugumu polepole. Thina basi ni mpita njia tu: huilainisha rangi ipite katika tundu la bomba, kisha huondoka. Ikizidi, rangi huchuruzika. Ikipungua, uso hutoka na vipele kama ganda la chungwa. Hata ikipimwa sawasawa, enameli huchukua siku nyingi kabla ya kugumu kabisa, na vumbi la mtaani halina subira.

Jawabu kutoka Ujerumani

Mwaka 1937, huko Leverkusen, Otto Bayer na wenzake wa kampuni ya IG Farben waligundua njia ya kutengeneza poliyurethani kwa kutumia kemikali za jamii ya isosayaneti. Ugunduzi huo ulizaa rangi za makopo mawili, na humo ndimo ilimotoka hadina inayotumiwa leo katika magereji. Yenyewe haingoji oksijeni. Huzishika molekuli za rangi na kuzifunga pamoja, na uso hutoka mgumu, wenye kung'aa na kuhimili petroli.

Ndiyo maana mchanganyiko uliokwisha kutiwa hadina hauwekwi hadi kesho: huganda ndani ya kopo. Ndiyo maana pia fundi wa Johannesburg, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hutazama mawingu ya alasiri katika miezi ya ngurumo, Novemba hadi Februari. Unyevu hushindana na rangi kuidaka hadina, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kuacha vitundu usoni mwa bati.

Lakini hadina haichagui inachokishika. Mwaka 1951 madaktari nchini Ufaransa walieleza habari za wafanyakazi waliopata pumu baada ya kushughulika na isosayaneti. Thina ina madhara yake, ila angalau hunuka na kumwonya mtu. Hadina, hata ikifikia kiwango cha kudhuru, pua yaweza isiihisi. Fundi anaweza kupuliza kwa miaka bila tatizo. Siku mwili wake utakapoikataa, kiasi kidogo mno chatosha kumfunga pumzi. Kitambaa hakiizuii.

Nani aruhusiwe kujifunza

Kwa nini kopo lilifika na onyo likabaki nyuma? Sehemu ya jawabu imo katika vitabu vya sheria.

Kiswahili hutumia neno moja, rangi, kwa kilichomo katika kopo na kwa ngozi ya mtu. Johannesburg, ile ya pili ndiyo iliyoamua nani afundishwe ile ya kwanza. Sheria ya Uanagenzi ya mwaka 1922 haikutaja ngozi ya mtu, lakini iliweka masharti ya elimu ambayo Waafrika wengi, kwa hali ya shule zao, hawakuweza kuyatimiza. Mwaka 1956 sheria nyingine iliipa serikali uwezo wa kutenga kazi kwa misingi ya ubaguzi. Mwafrika aliweza kuwa kibarua wa gereji: kupiga msasa, kuosha bomba, kushika kopo. Cheti kilikuwa cha mwingine.

Basi alijifunza kwa kutazama. Vipimo, mwendo wa mkono, umbali wa bomba na bati, vyote alivishika. Lakini jicho halioni kemikali iliyomo hewani. Hilo sharti mtu aambiwe.

Tume ya Wiehahn, iliyoundwa mwaka 1977, ilipendekeza vizuizi vilegezwe, na sheria ya mafunzo ya mwaka 1981 ikaufungua uanagenzi kwa wote. Wakati huo ufundi wa kurithishana kwa macho ulikwisha kuota mizizi.

Mji unaojua thamani ya pumzi

Ajabu ni kwamba Johannesburg inayajua mapafu kuliko miji mingi. Mwaka ule ule wa 1956 kilianzishwa huko kitengo cha utafiti wa maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi, ambacho leo ni taasisi ya taifa ya afya ya wafanyakazi. Mwezi Julai 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia ya randi bilioni 5 kwa wachimba migodi walioathiriwa na silikosi na kifua kikuu. Kanuni za kemikali hatari za mwaka 1995, zilizofanywa upya mwaka 2021, humlazimu mwajiri kumfundisha na kumkinga mfanyakazi.

Lakini katika gereji ya uani fundi ndiye mwajiri, na ndiye mwajiriwa. Hakuna mkaguzi anayebisha hodi.

Ikiwa wewe, msikilizaji, unaishi kwa kazi hii, Johannesburg, Gerezani au Gikomba, fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, wala usidhani thina yaweza kushika nafasi ya hadina. Watoto wakae mbali. Tumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Na kifua kikibana usiku wa siku za kazi, kikafunguka siku za mapumziko, mwone daktari na umtajie jina la hadina unayoitumia.

Kopo la pili halina harufu ya kukuonya. Onyo lake hupokezwa kwa mdomo, fundi kwa fundi, na leo limepita hapa redioni.