Kuhe wa Tanganyika na pikipiki ya barabara yetu

Tukisikia "mageuko ya viumbe", wengi tunafikiria tu kwamba mwenye nguvu anabaki na mdhaifu anakufa. Mimi naona pikipiki inaeleza vizuri zaidi.

Tuanze ziwani. Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya kuhe, na karibu zote hazipatikani pengine duniani. Mababu zao walikuwa wachache. Wamoja wakazoea mawe, wengine mchanga, wengine maji marefu, na midomo yao ikabadilika kufuatana na chakula.

Pikipiki nayo ina ukoo. Mwaka 1885, kule Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya petroli kwenye fremu ya mbao. Nyingi zilizofuata ziliendelea kubeba pedali za baiskeli. Injini zilipopata nguvu, pedali zikapotea, sawa vile nyoka alivyopoteza miguu.

Mwaka 1976 Honda ikatoa CG125. Wahandisi walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki inabebeshwa kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati. Basi wakarudia injini ya mtindo wa zamani, ile inayosukuma valvu kwa fito, juu inavumilia na fundi wa kijijini anaiweza. Viwanda vya China vikaiga, na wazao wake wakaenea Afrika.

Sasa angalia barabara ya kitaifa namba 5, Uvira mpaka Baraka kupitia hapa Mboko: abiria wawili, bido ya mawese, gunia la mihogo, matope. Pikipiki kubwa ya mbio haina maisha hapo. Inabaki nyepesi, yenye vipande vya bei ndogo. Kumbe anayebaki ni anayefaa mahali pake.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Samaki hachagui mdomo wake, na mtoto anaurithi kwa damu. Pikipiki inabadilishwa na mtu anayetazama barabara na kufikiri. Mafundi wetu wanafanya hivyo kila siku: wanachomelea vibebeo vya mizigo, wanakaza fremu iliyopasuka. Ila ufundi hauritiwi kwa damu. Fundi akifa bila kuacha mchoro, kazi yake inazikwa naye.

Hapo ndipo diploma zetu zinatakiwa. Wewe unayesoma ufundi, shuka garajini na rula na daftari. Pima kile kibebeo, kichore, andika kwa nini fundi alikikunja vile. Honda ilianza hivyo hivyo, kwa kutazama watu wanavyobeba.