Usiku wa Kasarani, Mchana wa Pune

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mwezi Desemba 1987, Gor Mahia walitoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia pale Kasarani. Kwa kuwa kule Tunis walikuwa wametoka 2-2, walitwaa Kombe la Washindi Barani Afrika kwa magoli ya ugenini. Sisi vijana tulirudi mjini tukiimba, tukacheza Lingala mpaka jogoo la kwanza.

Katika furaha ile alikosekana mwenzetu mmoja. Yeye Mhindi, mimi Mjaluo, tulisoma darasa moja. Mara nyingi alinialika Ngara nijifunze kriketi, nami nikamcheka kuwa huo ni mchezo wa kusimama juani. Kasarani sikumwalika hata siku moja. Baadaye alihamia Uingereza.

Tarehe 29 Februari 1996 nilisikia redioni mambo ya Pune, India. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 166, kisha West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, wakaishia 93. Rajab Ali alirusha, Tariq Iqbal akadaka, Brian Lara akatoka. Nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu. Watoto wa Kenya wa kila rangi, timu moja.

Niliruka kwa shangwe, kisha nikaketi kimya. Nilitaka kumpongeza yule mwenzangu, na kumwomba radhi. Lakini anwani yake sikuwahi kuiuliza.