Ridhaa na Ujira Katika Mbio za Marathoni

Katika michezo, mtu wa ridhaa ni yule ashindanaye kwa kupenda kwake, pasipo ujira. Maana hiyo ni njema. Lakini sheria zilizojengwa juu yake hazikuwa za haki siku zote. Katika Uingereza ya karne ya 19, vyama kadhaa viliwazuia mafundi na vibarua wasishindane na waungwana, ati kazi ya mikono huwaondolea sifa ya ridhaa. Kwa kipimo hicho Spyridon Louis, mchukuzi wa maji wa Marousi, asingaliruhusiwa kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Athens mwaka 1896, naye ndiye aliyeshinda. Hata kizuizi hicho kilipoondolewa, fedha ilibaki kuwa hatia. Mwaka 1932 Paavo Nurmi wa Ufini alikatazwa kushindana katika Olimpiki ya Los Angeles, alikotumaini kukimbia marathoni, kwa shtaka la kupokea malipo kupita gharama za safari. Mashindano ya Boston, Marekani, yaliyoanza mwaka 1897, hayakutoa zawadi ya fedha hadi mwaka 1986. Leo washindi hulipwa waziwazi. Na nyuma yao maelfu hutoa ada ili wakimbie, hali wajua ya kwamba hawatashinda. Ridhaa ingali hai miguuni mwao, wala hapana sheria iwashurutishayo.