Swali Lisilongoja Jibu: Tashititi katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Katika taaluma ya balagha, tashititi ni swali ambalo muulizaji haliulizi kwa kutojua. Jibu lake analo msemaji, na msikilizaji analo vilevile. Swali la namna hii halina budi kutofautishwa na lile lisilojibika, ambalo hakuna binadamu mwenye jibu lake. Katika ufundishaji wa fasihi, aghalabu tashititi huorodheshwa miongoni mwa mapambo ya lugha. Historia ya ushairi wa Kiswahili inatoa picha nyingine. Katika muda wa takriban karne mbili, anayeulizwa amekuwa akibadilika, na gharama ya kuuliza imebadilika pamoja naye.

Mfano wa kale ulio mashuhuri ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa baina ya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Pate, mji wa Wanabahani katika visiwa vya Lamu, ulikuwa umekwisha kuonja utajiri wa biashara ya bahari na ulikuwa ukididimia. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauuliza waliko mabwana waliokuwa wakijivuna katika majumba yenye taa na vyombo vya thamani, majumba ambayo sasa yamekuwa makao ya ndege na popo. Moyo unajua walipo, kwani makaburi yapo karibu. Swali linaulizwa ili muulizwa asiweze tena kujifanya hajui. Aidha, kwa kuwa muulizaji na muulizwa ni mtu mmoja, hakuna mtawala wa kukasirika. Hasara pekee inayohofiwa ni ya nafsi.

Kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa (takriban 1776–1840) hali ni tofauti. Mohamed Hassan Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, alieleza jinsi ushairi ulivyotolewa na Muyaka msikitini ukafikishwa sokoni. Huko sokoni swali lilielekezwa kwa mshindani aliye hai. Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikishindana na Lamu, na baadaye na Seyyid Said, hadi utawala wa Wamazrui ulipokoma mwaka 1837. Mashairi yalivuka bahari kwenda na kurudi. Fumbo lilidai kufumbuliwa kwa shairi jingine, na kejeli iliyovaa umbo la swali ilimlazimisha mpinzani ama anyamaze na kuonekana ameshindwa, ama ajibu na kukiri kwamba imemchoma. Kilichowekwa rehani hapo ni heshima ya mtunzi na ya mji wake.

Mwaka 1968 swali lilielekezwa kwa taifa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1946, aliandika kijitabu kilichosambazwa kwa siri, kikiikosoa serikali ya Kenya kwa jinsi ilivyokitendea chama cha upinzani cha KPU. Jina lake lilikuwa swali: Kenya: Twendapi? Alishtakiwa kwa uchochezi, akawa mfungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972.

Neno hilo moja linastahili kuchunguzwa. Kiambishi cha nafsi ni cha wingi: muulizaji hawaulizi watawala waendako wao, bali anajihesabu miongoni mwa wasafiri wa chombo kimoja. Kiambishi -pi kinauliza mahali, ilhali maudhui ya kijitabu yanaonyesha kwamba mwandishi aliona njia imepotoka. Kwa upande huo swali ni tashititi. Lakini mwisho wa safari ya nchi iliyopata uhuru mwaka 1963 haukuwa umejulikana na yeyote, na kwa upande huo swali halikuwa na jibu. Aina mbili zilizotenganishwa mwanzoni zinakutana hapa. Pengine ndiyo maana lilitisha: msomaji aliachiwa akamilishe mwenyewe kile ambacho mwandishi hakukitamka.

Gerezani Abdilatif aliendelea kutunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Tungo hizo zilichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mojawapo, "Kuno Kunena", inahoji kwa nini kusema kumemfikisha kifungoni. Umbo la swali linarejea, na safari hii linageuziwa adhabu yenyewe. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye mwandishi alifungwa chini ya utawala wake. Wakati huo mwandishi alikuwa ng'ambo ya mpaka, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kutoka moyo hadi mshindani, na kutoka mshindani hadi taifa, sarufi ya tashititi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni uwezo wa muulizwa wa kumdhuru muulizaji. Kwa hiyo anayeichambua tashititi hawezi kutosheka na kutaja umbo lake. Hana budi kuuliza pia ni nani aliyeulizwa, na alikuwa na mamlaka gani juu ya aliyeuliza.