Treni Isiyoruhusiwa Kusimama: Muvi ya 1975 Inayoeleza Kwa Nini Treni za Mwendokasi Zinatukamata Roho

Mtu akiulizwa muvi ya chombo cha usafiri kisichotakiwa kupunguza mwendo, wengi watataja basi la kwenye Speed ya 1994, ile ya Keanu Reeves. Ni sawa, basi lile lilitesa sana. Lakini karibu miaka 20 kabla yake Wajapani walishaifanya stori ya namna hiyo kwenye treni, tena yenye abiria 1,500 ndani.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, Japani ilizindua Shinkansen, treni ya umeme iliyokimbia kilomita 210 kwa saa kati ya Tokyo na Osaka. Dunia ilishangaa. Nchi iliyokuwa majivu ya vita miaka 19 tu nyuma ilikuwa sasa na treni ya kasi kuliko zote. Kwa Wajapani haikuwa usafiri tu, ilikuwa cheti kwamba taifa limesimama tena. Machi 1975 reli hiyo ikafika Hakata.

Miezi minne baadaye, Julai 1975, kampuni ya Toei ikatoa Shinkansen Daibakuha, muvi iliyoongozwa na Junya Satō. Ishu yenyewe ni rahisi kueleza. Treni imeshatoka Tokyo kwenda Hakata, halafu simu inapigwa: kuna bomu, na mwendo ukishuka chini ya kilomita 80 kwa saa linalipuka. Wenye bomu wanataka dola milioni 5. Ili wasidhaniwe wanatania, treni ya mizigo inalipuliwa kule Hokkaido.

Shirika la reli la Japani wakati ule lilikataa katakata kushiriki. Nani atakubali treni yake, fahari ya taifa, ionyeshwe ina bomu? Toei wakajenga mabehewa yao studio na kutengeneza treni ndogo za mfano.

Sasa utamu uko wapi? Uko kwenye breki. Shinkansen ina mtambo wa kudhibiti mwendo wenyewe: treni ikisogelea nyingine kupita kiasi, inapunguzwa kasi bila kumsubiri dereva. Usalama wake wote umejengwa juu ya kitu kimoja, kusimama. Bomu lile linageuza kila kitu. Kinachookoa watu siku zote ndicho kitakachowaua leo. Kwenye basi dereva anaweza kukata kona, kwenye meli kuna maboti. Kwenye treni reli ni moja, kituo cha mwisho kinajulikana, na kila dakika kinasogea.

Halafu kuna wale watu ndani. Mfanyabiashara mwenye haraka zake, mama mjamzito, mtu aliyefungwa pingu na polisi wake pembeni. Hawajuani, hawakuchaguana, lakini lazima wafe au wapone pamoja.

Ila kilichoifanya muvi hii iwe tofauti ni wabaya wake. Mkuu wao ni jamaa aliyekuwa na kiwanda kidogo kikafilisika, mke akaondoka na mtoto. Wa pili ni mwanaharakati wa zamani ambaye mapambano yake yaliisha bila ushindi. Wa tatu ni kijana wa Okinawa aliyekuja mjini kutafuta maisha akakosa pa kushika. Wakati nchi inakimbia kilomita 210, hawa watatu waliachwa stesheni. Hawakutaka kuua mtu. Mpango ulikuwa walipwe, kisha waseme bomu linavyoteguliwa. Ni mambo yaliyoharibika njiani, mpaka mchoro wa bomu unaungua moto ndani ya mgahawa.

Nyumbani muvi haikuvuma kama Toei walivyotarajia. Ufaransa ndiko ilikopendwa, lakini huko ilifika imekatwa zaidi ya nusu saa, na kilichokatwa sana ni hizo habari za maisha ya wabaya. Watazamaji wa nje wakapewa bomu bila sababu ya bomu. Wakafurahia presha, wakakosa uchungu.

Fomula ikaendelea kusafiri. Mwandishi wa Speed, Graham Yost, yeye alipata wazo kupitia Runaway Train ya 1985, muvi ya Marekani iliyotokana na andiko la Mjapani mwingine, Akira Kurosawa. Mwaka 2016 Wakorea wakaleta Train to Busan, mazombi ndani ya treni ya KTX, na humo mtu wa kuogopwa kuliko zombi ni bosi mbinafsi anayewafungia wenzake mlango. Mwaka 2022 akaja Brad Pitt na Bullet Train, kichekesho na damu. Mwaka 2025 Netflix ikarudisha bomu la kwanza kabisa kwenye Bullet Train Explosion ya Shinji Higuchi. Safari hii kiwango ni kilomita 100 kwa saa, na shirika la JR East lilitoa ushirikiano. Miaka 50 ilitosha fahari kuacha kuogopa hadithi.

Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inakwenda Dar mpaka Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo hata Mbongo sasa anajua raha ya kuona miti inapita kama imefutwa. Siku msanii wa hapa atakapoandika muvi ya humo ndani, bomu lisimsumbue sana. Swali gumu ni lile la 1975: treni ikishaondoka, nani amebaki stesheni?