Toni

Kiha ni lugha ya toni. Mtoto wa Kakonko au Kasulu, inakozungumzwa, hajafika hata darasa la kwanza, tayari anajua kwamba silabi ikipandishwa sauti, neno laweza kugeuka kuwa jingine. Kiswahili hakina hilo, sisi tuna kiimbo, kinachotenganisha "Amekuja" ya taarifa na "Amekuja?" ya swali.

Katika fasihi, toni ni jambo jingine: hisia ya mwandishi kwa anachokisimulia, iwe kejeli, huzuni au upole. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Waulize toni, wanakujibu msimamo wa mwandishi, na jibu liko tayari: "ni wa kimapinduzi." Kitabu chochote, hata kabla hakijafunguliwa!

Chukua Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Ngoswe, karani wa sensa, anafika kijijini, anampenda binti aitwaye Mazoea, anamtorosha, na baba mtu, Mzee Mitomingi, anaishia kuzichoma karatasi za kuhesabia watu. Kimatukio, ni hasara ya taifa. Kitoni, ni kichekesho chenye sindano. Sindano inamchoma nani? Wengi husema haraka: mzee asiye na elimu. Mimi naona inamchoma zaidi msomi aliyekabidhiwa kazi ya serikali akaiweka kando. Jina lenyewe la kitabu linamnyooshea kidole. Mitomingi anapofoka, anayesema ni mzazi aliyetoroshewa binti. Usiandike kwenye mtihani kwamba Semzaba anapinga sensa.